Vunjajungu wanne wa taa ya mapokezi

Nyuma ya daftari la wageni, kwenye zile kurasa ambazo mhasibu hafiki, nina orodha yangu. Niliianza masika ya mwaka juzi, nikiwa na miezi miwili tu kwenye zamu ya usiku. Ukurasa wa kwanza unasema hivi kwa mwandiko wangu: Kijani Mnene. Kahawia. Mwembamba wa Taa. Mtoto. Aina nne za vunjajungu, zote kwenye ukuta mmoja mweupe. Nilijiona mtaalamu.

Juzi nimeufungua tena ule ukurasa nikacheka peke yangu hadi mgeni wa chumba namba 2 akachungulia. Watatu kati ya wale wanne walikuwa mdudu yuleyule. Na huyo mmoja aliyebaki, Mwembamba wa Taa, walikuwa wawili.

Kwa wasiojua ninapokaa: Morogoro, chini ya milima ya Uluguru, nyumba ya wageni ya vyumba kumi na viwili. Mapokezi yana dirisha kubwa la kioo linalotazama mlango, na juu yake kwa nje kuna taa inayowaka mpaka asubuhi. Mvua ikipiga jioni, kufika saa tatu usiku ukuta umejaa. Kumbikumbi, nondo, mende wa mbolea, panzi. Na wakishafika hao, wanafuata wanaowala: mjusi kafiri kwenye kona yake, chura chini, na vunjajungu katikati, wamekunja mikono kama watu wanaosubiri kuitwa ndani.

Babu, mlinzi wetu, hataki waguswe. Nilipoanza kazi nilimkuta mmoja kwenye kitasa, nikachukua ufagio. Babu alisimama na kiti chake. "Mwanangu, huyo ukimuua utavunja jungu." Nikamwambia shikamoo zote, Babu, lakini siku hizi tunapikia sufuria. Akafikiri kidogo, akasema, "Basi utavunja chupa ya chai." Na chupa ya chai ilikuwa yake, kwa hiyo ufagio nikaurudisha.

(Jina hili lina balaa lake. Ukiliandika mtandaoni unaletewa kwanza karamu za kuvunja jungu kabla ya Ramadhani, pilau na muziki, mdudu baadaye sana.)

Kosa langu kubwa lilikuwa rangi. Nilikuwa nagawa wadudu kama mtu anayegawa nguo za kufua: wa kijani huku, wa kahawia kule. Kilichonitoa ujinga ni huyu Kahawia. Nilimchukua akiwa hana mabawa, ana vile vifuko viwili tu mgongoni ambavyo mabawa hukunjwa ndani yake, nikamweka kwenye chupa ya maji ya lita sita niliyoikata shingo na kuifunika kwa kipande cha chandarua. Nilimlisha nondo na mende wadogo. Wiki ya pili akagoma kula. Nikadhani anakufa.

Usiku mmoja, kama saa nane, nimemaliza kumwandikia risiti dereva wa lori, nikageuka nikamkuta ananing'inia kwenye chandarua kichwa chini, ngozi imepasuka nyuma ya shingo. Alikuwa anashuka mwenyewe kutoka ndani ya ngozi yake. Kichwa kwanza, kisha ile mikono ya mbele, laini kama tambi iliyopikwa, kisha miguu mmoja mmoja. Mwisho akabaki ameshikiliwa na ncha ya tumbo tu, hasogei, na mimi nimesimama na kalamu mkononi. Nilikata tamaa. Ghafla akajikunja juu, akalishika ganda lake la zamani, akageuka kichwa juu. Ndipo mabawa yakaanza kutoka. Yalikuwa yamekunjamana kama karatasi iliyofungiwa vitumbua, yakawa yanajaa na kunyooka kuelekea chini, taratibu, huwezi kuona yanavyokwenda lakini ukiangalia pembeni na kurudi yameshaongezeka. Kabla ya adhana ya alfajiri yalikuwa yamefika mwisho wa tumbo, meupe meupe.

Usiku uliofuata nilipoingia zamu alikuwa kijani. Kijani cha ndizi mbichi, mwili mpana, na kwenye kila bawa kitone kimoja cheupe. Kijani Mnene mtupu. Kwa hiyo Kahawia na Kijani Mnene ni mmoja, na Mtoto naye ni tunutu wa hao hao, bado hajajivua mara zote anazotakiwa.

Baadaye ndiyo nikasoma kwamba hili ni jambo la kawaida kwa vunjajungu wengi: spishi moja ina wa kijani na wa kahawia, na mmoja anaweza kubadilika, mara nyingi wakati wa kujivua, kufuatana na mwanga, unyevu na mahali anapoishi. Kuna wengine Afrika ambao nyika ikiungua wanageuka weusi wafanane na majivu. Sasa mtu anayekutumia picha akauliza "huyu wa kahawia ni aina gani?" umwambie nini? Mimi namwambia rangi weka pembeni, nipe picha ya kwapa.

Tutafika kwenye kwapa. Kwanza Mwembamba.

Huyu alikuwa anakuja kwenye taa karibu kila usiku, mabawa marefu, kiuno hakuna, anaruka kama karatasi iliyorushwa. Kijani Mnene sikumwona kwenye taa hata siku moja. Yeye nilimkuta mchana kwenye mabogenivilia ya ukutani, amekaa palepale siku tatu. Nikaona ni dhahiri: maumbo mawili, tabia mbili, aina mbili. Kumbe jike akishajaa mayai hawezi kuruka vizuri hata akitaka, na anayezunguka usiku akimtafuta ni dume, na dume ndiye anayenaswa na taa. Nilikuwa nimewaandika mke na mume kama makabila mawili.

Namna ya kuhakikisha iko kwenye dirisha langu. Vunjajungu akipanda kioo kwa nje, mimi nikiwa ndani nauona upande wake wa chini wote bila kumgusa. Nahesabu pingili za tumbo kuanzia kifuani kwenda nyuma. Jike zinaonekana sita, ya mwisho kubwa. Dume nane, na za mwisho ni ndogo zimebanana. Vipapasio vya dume navyo ni virefu na vinene zaidi. Nina kioo cha kukuzia, kile kidogo cha kukunja, ambacho mwanafunzi mmoja aliyekuja kwa mafunzo ya vitendo alikisahau chumba namba 6. Kimekaa kwenye droo ya vitu vilivyosahauliwa miezi mitano na hakuna aliyepiga simu. Kama unasoma hapa, kipo, kimechakaa kidogo, njoo.

Ilikuwa kwenye kioo hicho hicho cha dirisha nilipowaona wawili kwa pamoja. Mvua ilikuwa imekatika, saa tano hivi. Wembamba wawili, wote madume kwa hesabu ya pingili, wote kijani, urefu karibu sawa, mmoja kushoto mmoja kulia. Ningewapita. Lakini nondo mkubwa akajigonga kwenye kioo katikati yao, na yule wa kushoto akafungua mikono.

Ndani ya mkono, pale juu kabisa unapoungana na mwili, ambapo sisi tungesema kwapani, alikuwa na doa jeusi la mviringo. Katikati ya doa kuna weupe, kama jicho. Moja kila mkono. Nikamtazama wa kulia. Hana. Yeye pale pale ana vinundu vya njano iliyofifia, vimepangwa mstari kama vifungo vya shati.

Nilitoka nje na tochi ya simu nikamwita Babu aje ashuhudie, na Babu akashuhudia kwa heshima zote ingawa macho yake hayaoni kitu kidogo kuliko sarafu.

Yule wa doa jeusi ni Mantis religiosa. Ndiye huyohuyo anayejulikana Ulaya, ambaye Linnaeus wa Uswidi alimpa jina mwaka 1758. Hilo neno la kwanza ni la Kigiriki, maana yake mtabiri, na la pili linamhusisha na dini kwa sababu ya mikono yake. Watu wengi huku kwetu wakisikia jina la Kilatini wanadhani ni mdudu wa Wazungu. Hapana, Afrika kwake ni nyumbani pia. Yule wa vinundu ni wa jenasi (kundi la spishi ndugu) ya Sphodromantis, ambayo karibu spishi zake zote ni za Afrika na nchi za jirani, na ndiye yuleyule Kijani Mnene wangu, mume wake.

Tofauti nyingine ukishajua ya kwapa zinajitokeza zenyewe. Sphodromantis ana kile kitone cheupe kwenye bawa kinachoonekana waziwazi hata ukiwa mbali. Kichwa chake ni kipana, kifua kipana, mtu wa mazoezi. Mantis ni mwepesi zaidi, na bawa lake halina kitone cha kukukodolea. Lakini majike wakubwa wakikaa wamekunja mikono kwenye majani, hata mimi sasa hivi nadanganyika, mpaka nione kwapa.

Kumfungua mikono si kazi ya kumshika. Usimshike. Ile mikono ina miiba inayoingia kwenye ngozi, na anageuza shingo kukutafuta. Mpitishie kivuli cha kiganja usoni, kwa mbele, polepole. Akikasirika anainuka, anatanua mabawa na kufungua mikono mwenyewe akikutisha, na hayo madoa ndiyo sehemu ya kitisho. Wewe piga picha. Kama hakasiriki, mpandishe kwenye kitu kinachopitisha mwanga, gilasi au mfuniko wa boksi, umtazame kwa chini.

Nimejaribu pia ile njia ya mkato. Kuna programu ya simu unayoilisha picha inakutajia jina. Nililisha picha kumi na moja za vunjajungu wangu wa dirishani, wote Sphodromantis, nikapewa spishi nne tofauti. Mmoja, ambaye nilimpiga picha mbili kwa dakika mbili, alikuwa spishi mbili. Si ajabu. Jenasi hii ina spishi nyingi, zinafanana mno, na wanaojua kazi hiyo hutazama vinundu vya kwapani ni vingapi na vikubwa kiasi gani, wanapima kifua urefu kwa upana, na mara nyingi hawamalizi mpaka wameangalia viungo vya uzazi vya dume chini ya darubini. Picha ya mgongo iliyopigwa usiku na simu yenye kioo kilichopasuka haiwezi kubeba mzigo huo. Ukiona mtu mtandaoni ametaja Sphodromantis viridis au lineola kwa picha ya mgongo peke yake, muulize amehesabu nini. Kwenye daftari langu naandika jenasi, naweka nukta.

Macho nayo yamenichezea. Mchana vunjajungu wa kijani ana macho ya kijani. Nikimkuta kwenye taa macho ni meusi tii, na niliwahi kuandika "macho meusi" kama alama ya aina mpya. Ni giza tu. Usiku macho yao yanaiva kuwa meusi, asubuhi yanarudi. Nilimwacha mmoja kwenye chupa mpaka saa mbili asubuhi nikashuhudia. Na kile kitone cheusi kinachokufuata kila unapohama, mgeni mmoja alinibishia kwamba wa kwake ni wa pekee kwa sababu "huyu ananitazama". Wote wanakutazama, kaka. Hicho si mboni ya jicho. Ni sehemu ya jicho iliyoelekea kwako moja kwa moja, inameza mwanga badala ya kuurudisha, ndiyo maana inaonekana nyeusi popote uliposimama.

Aliyeniabisha zaidi ni mmoja wa kahawia niliyempata kwenye shina la mwembe nyuma ya jiko. Mabawa mafupi, yanafunika nusu ya tumbo tu. Nikasema tunutu, amebakiza kujivua mara moja. Nikamweka kwenye chupa nikasubiri zile sarakasi za saa nane usiku. Wiki moja, wiki mbili, anakula tu. Wiki ya tatu nikakuta ametaga kwenye chandarua. Mtoto ametaga! Alikuwa mtu mzima muda wote. Kuna jenasi kama Parasphendale, ambayo ipo Kenya na Tanzania, ambamo jike anamaliza ukuaji na mabawa ya kikoti namna hiyo, hayampeleki popote. Kama ningekuwa makini ningeona mapema: vifuko vya tunutu vimelala vimebana mgongoni na havifunguki, lakini mabawa ya mtu mzima, hata yawe mafupi vipi, yanapishana moja juu ya jingine na ukimtisha anayatanua, ndani kuna rangi. Sikumtisha. Nilimheshimu kama mtoto.

Na kuna mwingine ambaye hata si vunjajungu. Alikuja mara moja tu, mdogo, kama sentimita mbili, mikono ya kukunja vilevile na shingo ndefu, lakini mabawa ni ya kuona ng'ambo, yamejaa mishipa kama wavu, ameyakunja kama paa la nyumba. Hao ni ndugu wa kukufuku, wala si wa ukoo huu. Kundi lao linaitwa Mantispidae, na watoto wa wengi wao wanakulia kwenye vifuko vya mayai ya buibui. Mikono ya kunyakua wameipata kwa njia yao wenyewe. Ukiona mikono ya vunjajungu, shuka kwenye mabawa kabla hujaandika.

Nimewahi kujiliwaza kwamba sisi watu si wa kwanza kuwachanganya. Kuna vunjajungu mdogo wa kusini mwa Afrika, Miomantis caffra, aliyeonekana Auckland, New Zealand, mwaka 1978. Kule kuna wa kienyeji, Orthodera novaezealandiae. Kwa mtu, kuwatenganisha si kazi: wa kienyeji kifua chake ni kipana karibu sawa na kichwa, na ndani ya mkono ana doa la buluu, wakati mgeni ana shingo nyembamba na doa hana. Sasa madume wa kienyeji hawatazami kifua wala doa, wanafuata harufu. Watafiti walionyesha mwaka 2013 kwamba harufu ya majike wageni inawavuta hao madume kuliko hata harufu ya majike wao. Wanakwenda. Na jike wa Miomantis anajulikana kwa kula wachumba. Nilimsimulia Babu, akacheka mpaka akakohoa, akasema hiyo habari anaijua, iliwahi kumpata mjomba wake kule Kilosa.

Miomantis wa huku kwetu nao ninao, jenasi hiyo ina spishi tele Afrika. Wadogo, wembamba, kwa jicho la haraka unasema ni tunutu wa yule mkubwa. Nilikuja kuwajua kwa mayai yao. Vunjajungu haachi mayai yake wazi, anayatagia ndani ya povu ambalo linakauka kuwa kifuko kigumu, na kila jenasi ina fundi wake. Kifuko cha Sphodromantis ni kikubwa, cha mviringo, kama andazi lililosahauliwa kabatini. Cha Miomantis ni kidogo, chembamba na kirefu kama kijiti. Kifuko hakibadilishi rangi kukudanganya wala hakiruki, kwa hiyo mchana, mdudu mwenyewe akiwa hayupo, unajua nani alipita.

Hivi sasa nina andazi moja juu ya fremu ya mlango wa chumba namba 4, na kijiti kimoja kwenye waya wa taa. Mwenye nyumba aliamua jengo lote lipakwe rangi kabla ya mahafali, wageni watakuwa wengi. Ijumaa usiku nilipanda kwenye kiti, nikabandika gundi ya karatasi pande nne za lile andazi na kuandika kwa kalamu nene: FUNDI, HAPA USIPAKE. Babu alinishikilia kiti.

Jumamosi fundi alisoma, akapaka kuzunguka. Mlango umetoka mzuri, krimu mpya inang'aa, na juu yake kuna mraba mdogo wa rangi ya zamani wenye andazi katikati. Mwenye nyumba amepita chini yake mara tatu, bado hajainua macho.